Kilemba cha Mgeni wa Kwanza

Kibehewa kilikuwa kimeshaachia jukwaa na kuanza kupanda kwenye waya wake, na Etina Tweve alikuwa bado anatafuta usukani.

"Kaa chini, dada," Mzee Zebedayo alimwambia, akitembea sambamba na kibehewa kwa fimbo yake mpaka pale jukwaa lilipoishia. "Hakuna usukani humo."

"Na breki?"

"Breki iko huko juu kwa wenyewe. Wewe shika nguzo, na usipokee kitu kwa mtu. Umenisikia? Hata mtoto akikupa ua, mwambie mikono yako ina mafuta."

"Mikono yangu ina mafuta tangu ujana, hilo halitakuwa uongo."

Mzee akasema neno jingine, upepo ukalichukua. Nyuma yake walisimama wakimbiaji, mmoja kutoka kila kijiji cha bondeni, miguu mitupu, suruali zimekunjwa. Hakuna aliyepunga mkono. Walikuwa wanakitazama kilemba chake cha bluu. Walikuwa wanahakikisha kwamba kinakwenda juu kikiwa kitupu.

Etina aliwaelewa. Hata yeye, enzi zake, alikuwa akizunguka lori lote kukagua magurudumu kabla ya kuondoka, na ole wake utingo atakayemwambia ameshakagua. Alikuwa ameendesha mizigo Tunduma, Lubumbashi, Beira, Mombasa, mpaka malori yalipojifunza kujiendesha yenyewe na yeye akaachwa njiani kama kifurushi kilichokosa mwenyewe. Akarudi nyanda za juu na begi moja na kichwa alichokinyoa tangu siku za vumbi, kwa sababu aliona nywele ni kazi ya ziada. Hana shamba, hana mume, hana hata kuku wa kumwamsha. Ndiyo maana walimchagua. Mwenye shamba akiingia bustanini, macho yake huona anachokitamani. Asiye na shamba huona kilichopo.

Kibehewa kilipanda, kikayumba, kikapita juu ya mawingu. Halafu bustani ikatokea yote kwa mpigo.

Bustani ya Umma ya Itambwe ilitandazwa uwanda mzima, ukingo kwa ukingo. Mtu akitaka kuizunguka kwa miguu ataanza na chai ya asubuhi na atamaliza jua likizama. Watu wa mijini walikuja kwa ajili ya uzuri wake, wakapiga picha, wakashika viuno na kusema hewa ya huku ni nyepesi. Watu wa bondeni walikuwa na haja nyingine. Zamani, mvua ilipopoteza adabu na majira yakaanza kuja kama wageni wasioalikwa, wataalamu fulani waliweka kambi uwandani wakapanda maua waliyoyachanganya wenyewe maabara. Mizizi yake ilishuka chini kuliko kisima ikapima joto la udongo. Majani yake yalionja unyevu unaotoka mbali. Jeupe likifunguka, panda ngano, itafika. La zambarau likifunguka, panda njegere. La njano, panda viazi. Wataalamu wale wakafa, maabara ikafungwa, na mpaka leo hakuna anayejua tena namna ya kuyatengeneza. Yalijizaa yenyewe chini ya udongo, shina kwa shina, na hayakuwahi kukosea.

Mtu wa mbali angeuliza, kwa nini basi wasipige simu tu kutoka juu? Simu zilikuwapo. Lakini simu siku hizi inaweza kukuletea sauti ya mama yako marehemu, na kikohozi chake, ikikuuzia mbolea. Inaweza kukuletea sura ya jirani akilia msaada, kumbe jirani mwenyewe yuko uani anapepeta. Watu wa bondeni walitapeliwa mpaka wakachoka, wakakubaliana: mtu mmoja tunayemjua atapanda, ataitembea bustani yote, atarudi. Akirudi na ua kichwani, tunapanda. Akirudi bila ua, tunangoja. Mtu huyo wakamwita Mgeni wa Kwanza.

Juu, kwenye jukwaa la bustani, aliyempokea ni Lugano, msimamizi wa bustani, mtoto wa mdogo wake Sekela.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Umekonda. Hawakulishi hawa?"

"Bustani haina hela, mama mkubwa. Mwaka huu hata kamba za waya tumeziombea dua badala ya kuzibadilisha."

"Sasa unaniambia wakati nimeshafika?"

Lugano akacheka, na kwa dakika moja alikuwa yule mtoto aliyekuwa akidandia lori lake na kupiga honi mpaka mtaa mzima unatoka.

Ulikuwa msimu wa maua meupe. Uwanda ulikuwa kama mtu amejikwaa na gunia la unga likampasukia. Etina alitembea siku nzima, peke yake, kwa utaratibu wa kazi: alichungulia kila tuta, akanusa, akapita hata nyuma ya matangi ambako wageni hawafiki. Mahali pote yalikuwa yamefunguka. Akachuma moja, akalichomeka kwenye kilemba, na aliposhuka nalo wakimbiaji hawakumsalimia. Waliona, wakageuka, wakatimka. Muda mfupi baadaye, kutoka pale kituoni, aliona majembe yakianza kumeta bondeni, kijiji kimoja, halafu kingine, halafu yote. Alikuwa amevusha mizigo mipaka mingi, lakini hakuwahi kuona mzigo ukipokelewa namna ile. Ilibidi ajifanye anafunga kiatu.

*

Mgeni wa Kwanza hapiki. Anakula nyumba hii leo, nyumba ile kesho, kwa zamu, na hivyo Etina aliyajua majiko yote ya bondeni kabla ya msimu wa zambarau kufika. Alijua nani anaweka chumvi nyingi kuficha mboga chache. Alijua pia kwamba kila nyumba ina uchaga, na juu ya uchaga kuna viazi vya mbegu vimelazwa kwenye mwanga hafifu, vimetoa macho, na watoto wanapita chini yake wakiwa na njaa bila kunyoosha mkono.

"Hata kimoja?" alimwuliza Anyelwisye, mama wa watoto wengi kuliko sahani zake, siku aliyokula kwake ugali na majani ya maboga.

"Bibi Dereva, hivyo vikiisha na sisi tumeisha. Mwaka jana tulipanda vyote. Hivi tumekopa kwa watu wa ng'ambo ya mto, na wao hawana tena vya kukopesha."

Mambo ya mwaka jana kila mtu aliyajua, na hakuna aliyeyasema mbele ya Mzee Zebedayo. Yeye ndiye aliyekuwa Mgeni wa Kwanza. Alipanda kuangalia maua ya njano, akakuta hayajafunguka, ila machache ya mapema karibu na jukwaa. Wakati anaingia kwenye kibehewa, binti mdogo wa watalii akachuma moja akamchomekea kwenye kofia, kisha akaketi karibu naye safari nzima, anamtazama, anatabasamu. Sasa, huku nyanda za juu hakuna mtu anayevua zawadi mbele ya aliyemvika. Mzee alingoja binti ageuke. Binti hakugeuka. Kibehewa kikafika chini, wakimbiaji wakaona njano, wakatimka. Mzee akapiga simu vijiji vyote, na kila aliyepokea alimkatia: sauti ya Mzee Zebedayo ikisema msipande, matapeli wangeiga nini kingine kama si hiyo? Viazi vikachipua, ikaanguka sakitu, ile baridi inayogandisha umande, asubuhi mashamba yalikuwa meupe, na jua lilipochomoza yakawa meusi. Kuna nyumba zilizozika watu kabla ya mavuno ya njegere.

Zambarau ilipokuja, Etina alipanda tena, akatembea, akachuma. Alikuwa anarudi jukwaani pale Lugano alipomshika mkono.

"Mama mkubwa, njoo nikuonyeshe kitu. Usimwambie mtu bado."

Alimpeleka kwenye banda la vioo nyuma ya ofisi. Ndani, mabomba membamba yalikuwa yakitoa ukungu wenye harufu ya dawa ya hospitali, na chini ya ukungu maua ya njano yalikuwa wazi, makubwa, mengi, wakati msimu wake ulikuwa bado mbali kabisa.

Etina aliinama akanusa. Ua la njano la Itambwe linanuka samli iliyochacha, mtoto yeyote wa bondeni anajua hivyo. Haya hayakunuka kitu.

"Mnayafanya nini?"

"Tunayafungua tunapotaka. Ukungu huu unaiambia mizizi kwamba udongo umeshapata joto. Mizizi inaamini, ua linafunguka."

"Na baada ya hapo?"

Lugano alisugua kioo kwa kiwiko, mahali ambapo hapakuwa na uchafu. "Baada ya hapo shina linakuwa kiziwi mpaka mwaka unaofuata. Haliambiwi kitu."

"Kwa hiyo mmetengeneza ua linalodanganywa, ili nalo lidanganye."

"Nimetengeneza ua linalofunguka siku ya Baraza, mama mkubwa. Baraza la Mabustani la mjini linakuja kabla ya msimu. Wanaamua: ama watupe ruzuku, ama uwanda huu uende kwa kampuni ya nyumba za mashine. Mashine zao zinapata joto, zinataka baridi yetu. Unajua ni mashine za kazi gani? Ndizo zinazoiga sauti za watu. Watang'oa kila shina hapa wakae wao."

"Sasa waje msimu ukifika."

"Nimewaomba. Wamesema ratiba yao haisubiri maua."

Etina alimtazama kijana wake. Macho yalikuwa mekundu kama ya dereva aliyekosa usingizi. Alitaka kumgombeza, akashindwa aanzie wapi, akatoka nje na ua lake la zambarau akashuka nalo.

*

Kibehewa cha mwito, cha kumwita Mgeni maua yanapoanza kufunguka, kilishuka mapema kuliko ilivyozoeleka, kitupu, taa yake ikiwaka mchana kweupe. Walimkuta Etina kwa Anyelwisye, kijiko mkononi.

"Njano, Bibi Dereva," mkimbiaji alimwambia akihema. "Mwaka huu imewahi. Mungu ametuona."

Watu walimsindikiza wakiimba. Wanawake walikuwa wameshaanza kushusha viazi kwenye uchaga. Mzee Zebedayo peke yake hakuimba. Alimshikia mlango wa kibehewa, akasema kwa sauti ya chini, "Asubuhi maji ya ndoo yaliganda nje kwangu, dada."

"Nimeyaona ya kwangu pia, kaka."

Juu, bustani ilikuwa ya njano kutoka ukingo hadi ukingo, njano ya kuumiza macho. Ilikuwa nzuri, hilo lisemwe wazi. Wageni wa Baraza walisimama vibarazani kwa makoti mazito, wamenyamaza kama watu walioingia msikitini. Etina alitembea kati ya matuta, akinusa huku na huku. Harufu ya dawa ya hospitali, basi. Lugano alimfuata mpaka nyuma ya matangi, mahali wageni hawafiki.

"Umepulizia yote?"

"Yote. Isipokuwa Kona ya Mawe Meusi, bomba halifiki kule. Ni vishina vichache tu vya kila rangi."

"Na vile vya kule vimefunguka?"

Lugano alianza kukaza koki ya tangi.

"Lugano."

"Havijafunguka, mama mkubwa. Vimefumba kabisa. Lakini nisikilize. Wanataka kuona bustani inatumika. Wanataka kuona ukishuka, watu wanatimka, bonde zima linatoka na majembe. Wakiona hivyo leo, ruzuku wanasaini. Kesho asubuhi mimi mwenyewe nitashuka, nitazunguka kijiji kwa kijiji, nitawaambia wasimamishe."

"Kesho asubuhi mbegu iko ardhini. Unawajua hawa. Watapanda mpaka giza, watawasha moto shambani waendelee."

"Watafukua."

"Mbegu yenye macho marefu hivi, ufukue usiivunje? Wewe mtoto umelelewa wapi?"

"Basi labda sakitu haitaanguka." Sauti ilimkatika. "Mama mkubwa, hesabu na wewe. Ukishuka bila ua leo, bustani imekwisha. Mwaka kesho nani atawaambia wapande lini? Mwaka wa keshokutwa? Uongo mmoja, na bustani inabaki miaka yote. Ukweli mmoja, na hakuna tena wa kusema ukweli. Niambie wapi nimekosea."

Etina alitafuta alipokosea, asipaone. Hilo ndilo lililomkasirisha. Alikaa juu ya bomba, akavua kiatu, akakung'uta changarawe ambayo haikuwamo.

"Hujakosea," alisema mwishoni. "Ila mimi ndiye niliyekula kwao."

Walirudi jukwaani. Hapo wakamkuta Bi Nasra Alawi, mwenyekiti wa Baraza, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, mpole kwa kweli, mwenye kuuliza na kungoja jibu.

"Shikamoo, mama. Kumbe wewe ndiye Mgeni wa Kwanza. Nimesoma habari zenu tangu nikiwa chuo. Mila nzuri sana."

"Marahaba, mwanangu. Ni kazi tu kama kazi nyingine."

"Lakini mbona huna ua? Wenzangu wote wamesubiri kuona."

"Mikono yangu ina mafuta," Etina alisema, akiificha nyuma.

"Basi ndiyo vizuri. Nitakuvika mwenyewe."

Na kabla Etina hajarudi nyuma hata hatua, Bi Nasra alikuwa ameshachuma ua, amelichomeka kwenye kilemba cha bluu, juu ya sikio la kushoto, akalirekebisha kwa vidole viwili kama mama anavyomweka sawa binti wa kipaimara. Kamera zikageuka. Wageni wakapiga makofi. Kisha wakaingia kibehewani pamoja naye, Bi Nasra ubavuni, Lugano mkabala, na kibehewa kikaachia jukwaa.

*

Huwezi kuvua zawadi mbele ya aliyekuvika. Etina alilelewa na bibi aliyemchapa kwa jambo dogo kuliko hilo. Alikaa mikono mapajani, ua likimgusa sikio kila kibehewa kilipoyumba, akamwelewa Mzee Zebedayo kuliko alivyowahi kumwelewa.

"Wakimbiaji wataonekana saa ngapi?" Bi Nasra aliuliza, akichungulia dirishani.

"Tukipita ile nguzo ya mwisho," Lugano akajibu. Hakumtazama mama yake mkubwa.

Chini, mashamba yalikuwa yameshalimwa, matuta yamenyooka, tayari. Etina aliona moshi wa jiko la Anyelwisye. Aliwaza hesabu ya Lugano, akaipindua upande huu na upande ule. Uongo mmoja. Lakini alijua habari za uongo mmoja. Barabarani alishaona dereva akivusha gunia moja la magendo, moja tu, la kulipia ada ya mtoto. Safari iliyofuata askari wa mpakani walipakua lori zima, na iliyofuata, na iliyofuata, mpaka jamaa akaacha kazi. Wale watu chini hawakuwa na bustani. Hawakuwahi kuwa nayo. Walichokuwa nacho ni kichwa kimoja wanachoweza kukiamini.

"Lugano," alisema, kwa sauti ya kawaida, "ule mwaka Mzee Zebedayo alipowapigia simu, kwa nini hawakumsikiliza?"

"Walidhani ni sauti ya kuigwa."

"Enhe. Sasa mimi nikishuka na hili leo, na kesho wewe ukaja kuwaambia lilikuwa la mchezo, mwaka kesho nikipanda na kushuka, mimi nitakuwa nani?"

Lugano aligeuka, akamtazama kwa mara ya kwanza tangu waachie jukwaa.

"Nitakuwa simu," Etina akasema. "Simu yenye miguu. Utakuwa umebaki na bustani yako nzuri na hakuna mtu bondeni wa kuiamini. Ndipo ulipokosea. Nimepaona sasa."

Bi Nasra aliwatazama kwa zamu. "Samahani, sijaelewa. Kuna tatizo?"

"Mwanangu, zawadi yako nimeipokea," Etina alimwambia, "na asante. Usinione mshenzi."

Akasimama. Akasukuma kioo cha dirisha, kikakwama, akakipiga kwa kiganja pale pembeni kama alivyokuwa akipiga kioo cha lori lake, kikafunguka. Upepo ukaingia na makaratasi ya Baraza yakaruka. Hakuligusa ua. Alishika fundo la kilemba kisogoni, akalifungua, akakivua chote kama kilivyo, bluu na njano pamoja, akakitupa nje.

Kilikunjuka hewani, kikazunguka polepole, kikaenda zake juu ya mashamba.

Etina akaketi. Kichwa chake kilichonyolewa kilikuwa kitupu, kinang'aa, chenye kovu la mlango wa lori karibu na utosi. Hapakuwa na mahali pa kuchomeka hata sindano.

"Mama mkubwa," Lugano alisema. "Umetumaliza."

"Inawezekana."

Walipita nguzo ya mwisho. Wakimbiaji walikuwa wamejipanga, mguu mmoja mbele. Bi Nasra na wenzake walikuwa na maua kwenye makoti na kofia zao, na kwa kitambo kidogo Etina aliogopa. Lakini macho ya wakimbiaji yalipita juu ya wageni wote, yakamtafuta yeye, yakamkuta. Hakuna aliyetimka. Kijana wa kijiji cha mbali kuliko vyote alirudisha mguu wake nyuma, akakunjua suruali, akakaa chini. Mwingine akakaa. Bondeni hakuna jembe lililometa.

"Mbona hawakimbii?" Bi Nasra aliuliza.

"Kwa sababu wameona," Etina akasema.

"Wameona nini? Bustani yote imechanua, nimeiona kwa macho yangu." Akamgeukia Lugano. "Ndugu msimamizi?"

Ilikuwa nafasi ya mwisho, na wote wawili waliijua. Lugano alimtazama Mzee Zebedayo aliyesimama na fimbo yake pembeni ya jukwaa, kofia mkononi. Akawatazama wakimbiaji waliokaa chini.

"Tuliyapulizia dawa, mheshimiwa," alisema. "Hayajachanua yenyewe. Tumeyafungua kwa ajili ya macho yenu tu."

Bi Nasra alitoa ua lililokuwa kwenye koti lake, akalinusa, labda kwa mara ya kwanza siku ile. Akaliweka kwenye kiti cha kibehewa.

"Na wewe, mama," alimwuliza Etina, "unajua umefanya nini?"

"Najua. Nimerudi bila ua. Kazi yangu ni hiyo tu."

*

Sakitu ilianguka wiki ile ile. Mashamba hayakuwa na kitu cha kuua.

Baraza lilirudi mjini na ruzuku haikuja. Uwanda wa Itambwe walipewa watu wa kampuni. Nyumba zao za mashine ni ndefu, hazina madirisha, na zinavuma mchana kutwa. Waya uliteremshwa ukauzwa chuma chakavu. Tingatinga liling'oa mashina yote, lakini Kona ya Mawe Meusi ilivunja meno yake, wakaiacha.

Etina alipanda kwenye kona hiyo kwa miguu, kupitia njia ya zamani ya ng'ombe, mara kadhaa bila kupata kitu. Halafu siku moja aliisikia harufu ya samli iliyochacha kabla hajafika. Alishuka na ua amelifunga kichwani kwa kamba ya kiatu. Watu walipanda, na walivuna. Mavuno hayakuwa makubwa.

Kile kilemba kiliangukia shamba la mtu mmoja aitwaye Tumpale, ambaye hakwenda kituoni siku ile kwa sababu ya mguu. Alikiona kinashuka kutoka mbinguni na ua la njano ndani yake, akapanda viazi vyote jioni ile. Sakitu ilivichukua. Majirani walimchangia mbegu baada ya kumcheka. Mke wake anambeba mtoto kwa kilemba hicho.

Mzee Zebedayo alikufa kabla viazi havijakomaa. Walimzika na kofia yake.

Lugano alifukuzwa kazi, akashtakiwa kwa udanganyifu, akakaa ndani kwa muda, akatoka. Sasa anafundisha shule ya msingi upande wa pili wa mto. Yeye na mama yake mkubwa hawasalimiani sana, lakini Sekela anasema mafuta ya magoti anayopelekewa Etina kila mwezi yanatoka kwake.

Bi Nasra Alawi aliacha Baraza. Alituma kilemba kipya, cha bluu, kwa basi. Etina alimpa Anyelwisye.

Anyelwisye alipoteza mtoto mmoja kabla ya mavuno. Waliobaki wamekua.

Etina bado anapanda, kila msimu, kichwa wazi, fimbo ya Mzee Zebedayo mkononi. Wakimbiaji humngojea pale njia ya ng'ombe inapoishia, mmoja kutoka kila kijiji. Mwaka jana alirudi mara mbili bila ua. Walingoja.